Nyumba Ambayo Risasi Ziliiogopa

Nilipokuwa mtoto katika mtaa wa Ngezi, pale Bunia, tuliamini kwamba risasi zinaiogopa nyumba ya Muzee Kaporali. Alikuwa askari wa zamani, aliyepigana kusini kabla mama yangu hajazaliwa, akarudi bila hata kovu. Watu walisema alioshwa kwa dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Sisi watoto, tukienda shule, tulisugua mabega kwenye ukuta wake ili bahati hiyo itushike kidogo.

Vita vilipofika mtaani, majirani wote walikimbilia kwake. Mimi nilikwenda na koko, bibi yangu aliyenilea. Muzee hakutunyunyizia dawa yoyote. Alikuwa amejaza udongo kwenye magunia na kuyapanga ukutani hadi kimo cha kifua. Akatulaza chini, tumebanana, na aliyeinua kichwa alikemewa.

"Lala! Risasi haina macho!"

Giza likiingia alikaa karibu na mlango akitaja majina polepole. Nilimwuliza ni ya nani.

"Ni bandugu zangu benye walibaki kule kusini," akasema. "Nikibaita, wanajua sijabasahau."

Koko alikuwa amenikumbatia. Alisikia kila neno.

Hakuna aliyekufa ndani ya nyumba ile. Kisha ikaja amani, amani ya kulala na viatu miguuni. Mwaka ule surua ikachukua watoto mtaani kwetu, na watu waliochoka kuzika wakaanza kutafuta mwenye kosa. Mbona vita havikumgusa Muzee? Analipa nini, na anamlipa nani? Dawa ile ile waliyoishukuru sasa ikawa inakula watoto.

Jumapili moja, baada ya ibada, walijaa mbele ya mlango wake. Muzee alitoka na koti lake la jeshi, akasimama wima. Wengi waliokuwa pale walikuwa wamelala sakafuni mwake. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, akamgeukia koko, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa umri na watu walimheshimu.

"Mama, weye ulilala mule. Uliona nini?"

Nilimwona Muzee akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alijua koko atasema juu ya magunia. Mimi pia nilijua.

Koko aliutazama mchanga. "Sikuona dawa," akasema. "Lakini usiku alikuwa anaongea na batu benye siye hatukuona."

Watu wakaguna. Nilimvuta kitenge nikisema, "Koko, alituambia!" Akanifinya mkono kwa nguvu hadi nikanyamaza.

Muzee hakujitetea. Alimwuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hata weye, mama?"

Kabla ya Jumapili nyingine alikuwa amehamia kwa binti yake Tchomia, kando ya ziwa. Mvua iliyofuata haikumkuta hai. Habari ililetwa na mama mmoja muuza samaki. Koko alivua kitambaa kichwani akalia kwa sauti, akafunga mzigo ili aende kwenye matanga. Binti akatuma neno kupitia muuza samaki yule yule: "Musikuje."

Jioni hiyo nilimwuliza koko kwa nini alisema vile.

"Yeye alikuwa na pahali pa kwenda," akajibu. "Siye, mimi na weye, tungeenda wapi?"

Ningeusamehe uongo mapema zaidi. Lakini koko hakusema uongo. Alichukua huzuni ya mzee na kuwapa watu waliotaka kuisikia kama uchawi. Na alifanya hivyo kwa ajili yangu. Nilikua katika mtaa ule, nikapewa chakula na majirani wale, nikasoma. Hilo ndilo linalonisumbua kila ninapomkumbuka kwa upendo, na ninamkumbuka kwa upendo kila siku.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Tchomia. Binti wa Muzee, ambaye sasa ni mzee pia, alinipokea vizuri. Nilimwambia mimi ni nani. Akanipakulia samaki na ugali, akanisimulia juu ya wajukuu wake. Nilipomwomba anionyeshe kaburi la baba yake, alitikisa kichwa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Njia ya kurudi Bunia ni ndefu."

Sikumwomba mara ya pili.