Nyumba Nzuri ya Kasisi

Keziah Pobjoy, mfua nguo wa kijiji, hakuchoka kuisifia nyumba mpya ya kasisi, kwa matao yake ya mawe na dohani zake ndefu. Bintiye Dorcas alipopata kazi ya jikoni humo, mama alitembea kichwa juu. Kisha siku moja akapeleka mashuka, akaingia ndani kwa mara ya kwanza.

Uvundo ndio uliomkaribisha. Jiko lilichimbwa chini ya usawa wa bustani. Kuta zilitoka jasho la kijani, na mfereji wa choo cha ghorofani ulipita chini ya sakafu, palepale Dorcas alipotandika godoro lake. Dirisha lilikuwa juu, macho hayafiki.

"Mbona juu hivyo?" Keziah aliuliza.

"Tusiwachungulie mabwana wakinywa chai bustanini," alijibu Bi Maunder, mpishi, akimenya viazi. "Mchora ramani ya nyumba alifikiria kila kitu."

"Na uvundo huu?"

"Huo alituachia sisi, mama."

Dorcas akakohoa kikohozi kizito. "Mama, usianze. Nitafukuzwa."

Keziah alimshika mkono. "Hufukuzwi, unaondoka. Funga nguo zako."

"Watu watasema."

"Waseme. Kwani watakohoa wao?"

Njia ya mlango wa watumishi ilipita juu ya mfereji, kwa hiyo alimtoa kwa mlango wa mbele, ambao mtumishi haugusi. Kasisi alikutana nao ukumbini, akaziba pua kwa leso.

"Uvundo huu unatoka ghorofani kwenu, bwana," Keziah alisema, akapita.