Daftari Jeupe la Edina

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu, na leo nitakusimulia yote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha. Ni siku niliyoita jina la Edina darasani mara tatu, na mara zote tatu dawati lake likakaa kimya.

Kwanza ujue nilikuwa nani wakati huo, maana ukiniona leo na fimbo yangu ya kutembelea unaweza kudhani nilizaliwa nikiwa na busara. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kijiji kimoja cha wavuvi kando ya ziwa, si mbali na Liuli. Mimi ni Mmatengo wa Kitura, mtoto wa milimani. Niliteremka kule ziwani na cheti kipya, viatu vya kufunga kamba, na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Kinyasa, lugha ya watu wa pale, sikujua hata salamu, na wala sikuona haraka ya kujifunza.

Kazi lakini niliipenda, hilo siwezi kujinyima. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake, nami nikalishika neno hilo kama amri ya Mungu. Hesabu tulihesabu kwa punje za mahindi. Herufi tuliziimba. Vipimo ndivyo vilivyonipa raha kuliko vyote: kila Jumatano niliwatoa watoto hadi ufukweni, nyuma ya vichanja ambako akina mama huanika usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na pale walipima mchanga kwa kisado, kile kipimo kidogo cha sokoni, na ndoo. Visado vitano, ndoo moja imejaa. Visado kumi, ndoo mbili. Walicheka, wakabishana, wakamwaga, wakaanza upya. Ndani ya miezi mitatu darasa zima lilikuwa limeelewa, na Edina alikuwa mbele ya wote. Alikuwa binti wa miaka minane, mwembamba, mwenye kusema kwa sauti ya chini kana kwamba anaomba radhi, lakini ukimuuliza hesabu jibu lilikuwa limeshafika kabla hujamaliza swali.

Basi haya yote, mwanangu, sikumwambia mzazi hata mmoja.

Usidhani nilikuwa na nia mbaya. Nilikosea kwa namna yetu sisi watu wa milimani. Umatengo tunalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa mteremko mzima ili mvua isiondoke na udongo. Mwanamke akizichimba vizuri, watu wa mlima wa pili wanaziona wakiwa wamekaa vibarazani kwao, na akizichimba ovyo wanaziona vilevile. Hakuna anayezunguka kutangaza kazi yake. Mama yangu alikuwa akisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilishuka na methali hiyo hadi ziwani kama mzigo wa kichwani. Nilisahau jambo dogo tu, kwamba darasa lina kuta.

Kila nilipokutana na wazazi njiani waliniuliza, "Habari za shule, mwalimu?" Nami nilijibu, "Nzuri," nikapita. Hawakuuliza zaidi, kwa hiyo nikaamini wameridhika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani angeniambia hivyo wakati ule nikamsikiliza? Na mara chache nilizotuma neno nyumbani, lilikuwa la kudai ufagio, au jembe, au kumshitaki mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi. Ikafika mahali mtoto akisema "mwalimu amenipa ujumbe," mama yake alitafuta fimbo kabla ya kuusikia ujumbe wenyewe.

Ndipo ikaja Jumatatu ile ya dawati kimya. Jumanne hakuja, Jumatano hakuja. Nikawauliza wenzake. Msichana mmoja akasimama, akasema Edina amesimamishwa shule na mama yake, anakwenda Mbamba Bay kwa shangazi yake kulea mtoto mchanga, na boti inaondoka Ijumaa.

Nilikasirika. Kutwa nzima nilikuwa natunga hotuba moyoni juu ya wazazi wasiothamini elimu, na saa tisa alasiri nikaenda nayo nyumbani kwao. Nilimkuta mama yake Edina akigeuza usipa juu ya kichanja, mtoto mdogo mgongoni, na bibi yake Edina ameketi kwenye mkeka akichambua takataka za usipa.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu sana. Umepotea njia?"

Nikasema hapana, nimekuja hapahapa.

"Nauliza tu," akasema. "Tangu ufike kijijini hujaukanyaga uwanja huu."

Hotuba yangu ikaanza kupungua nguvu hapo. Nilipomtaja Edina, mama yake aliingia ndani, akatoka na daftari, akanifungulia ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Mwalimu, mimi kusoma sijui," akasema. "Lakini weupe wa karatasi nauona. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la pili kule Liuli, daftari lake limejaa, alama nyekundu kila mahali. La Edina hili hapa. Na kila Jumatano nikiwa hapa kichanjani nawaona mnacheza mchanga. Kama kazi ni kucheza, si bora akacheze kwa shangazi yake, amsaidie na kulea?"

"Hawachezi, mama. Wanajifunza vipimo."

"Nani aliniambia?"

Nikafanya lile ambalo mwalimu mwenye kiburi hulifanya akibanwa: nikamwita mtoto. Edina akatoka nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kwa sauti yangu ya darasani, kwa Kiswahili changu cha chuo, ndoo mbili ni visado vingapi. Mwanangu, yule mtoto alitazama vidole vya miguu yake. Nikarudia swali. Akatazama vidole vilevile. Nyumbani kwao hakuwahi kusema Kiswahili mbele ya mama yake, wala hakuwahi kuulizwa jambo la shule pale uwanjani, na mimi nimemzukia mbele ya mama na bibi kama askari. Mama yake hakunicheka. Alilifunga daftari polepole, akalirudisha ndani, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Bibi akanionyesha mkeka. "Keti, binti yangu." Nikaketi.

"Hapa kwetu," akasema, "mtu akienda msibani au hospitali, usipa wake alioanika humwachia mwenzake amgeuzie. Yule mwenzake kila jioni hupeleka kiganja kimoja kwa mwenye mali, auonje. Kama bado una unyevu, ataujua. Kama umeingia mchanga, atausaga kwa meno. Hangoji aulizwe. Sisi wewe tumekuachia mtoto tangu Januari. Kiganja hujaleta hata kimoja."

Ungekuwa mimi ungenyamaza. Mimi nikajitetea na methali ya mama yangu, kwamba bibi, kizuri chajiuza.

"Kinajiuza kikiwekwa mezani," akanijibu. "Chako umekifungia ndani, ufunguo unao wewe."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nilikuwa nimekuja kumfundisha mama thamani ya elimu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ameifikiria, amekagua daftari peke yake, na kwa alichokiona ameamua kama mzazi mwenye akili timamu. Mtoto alikuwa anapotea kwa sababu ya ulimi wangu kuwa mzito. Nikaomba radhi. Nikaomba wiki moja.

Mama yake Edina alitazama kichanja. Bibi akajibu kwa niaba yake, "Boti ya wiki ijayo nayo inakwenda Mbamba Bay."

Kesho yake Edina alirudi darasani. Jioni kabla ya kuwaruhusu, niliwaambia watoto wote: leo kila mmoja akaonyeshe nyumbani jambo moja alilojifunza, moja tu, kwa lugha ya nyumbani, kwa yeyote atakayemkuta. Kisha nikafuatana na Edina hadi kwao. Siku hiyo alimwimbia bibi yake nusu ya wimbo wa herufi, akakimbilia jikoni. Hayo ndiyo mavuno yetu. Nilirudi nimenyong'onyea.

Siku ya pili tulimkuta mama yake amejaza ndoo tatu za usipa mkavu. Edina akasimama karibu nazo, akasema kitu kwa Kinyasa, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. Bibi akanitafsiria: "Anasema ndoo hizi tatu ni visado kumi na vitano."

Mama yake hakumsifu. Alitandika turubai, akachukua kisado, akaanza kuchota na kumwaga, midomo ikihesabu taratibu. Nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wa elimu waliotoka mkoani wakiwa wamevaa suti, sikuogopa kama nilivyoogopa alasiri ile. Kisado cha kumi. Cha kumi na moja. Kilipofika cha kumi na tano, ndoo ya tatu ikawa tupu. Akakiweka kisado chini, akamwambia binti yake maneno machache. Nikamuuliza bibi amesema nini.

"Anamuuliza, zikiwa nne je?"

Jumatano iliyofuata tulikuwa ufukweni kwenye somo letu la mchanga. Nikamwona mama Edina anakuja, mtoto mgongoni. Aliokota kisado chetu, akakigeuza, akanirudishia huku akitikisa kichwa. "Mwalimu, hiki kimebonyea. Mnawafundisha watoto kipimo cha uongo." Akatuachia cha kwake. Tangu siku hiyo akina mama wa vichanjani wakawa wanapita Jumatano, mmoja wiki hii, wawili wiki ijayo, wakiwasahihisha watoto namna ya kusawazisha kisado kwa kiganja. Kumbe nilikuwa na walimu wasaidizi kumi hatua hamsini kutoka darasani kwangu, na sikuwahi kuwasalimu vizuri.

Boti ya wiki ile nayo iliondoka bila Edina. Shangazi yake alisaidiwa na mama mkwe wake, na mtoto mchanga akakua.

Nami nikaendelea na desturi ile. Kila Ijumaa hakuna mtoto aliyetoka darasani bila jambo moja la kuonyesha nyumbani, na mimi kila wiki nilipita kwenye nyumba mbili tatu, Kinyasa changu kikiwachekesha watu hadi kilipoanza kueleweka. Muhula mmoja nilizidiwa na mitihani, nikaacha Ijumaa moja ipite. Jumatatu asubuhi mama Edina alinisimamisha njiani, mkono kiunoni. "Mwalimu, Ijumaa mtoto amekuja mikono mitupu. Ulikuwa unaumwa?" Nilimwomba radhi, lakini moyoni nilifurahi siku nzima. Edina alimaliza la saba, akaendelea hadi sekondari, na sasa ana watoto wake shuleni. Nasikia mwalimu wao hana raha. Edina anataka kujua kila kitu.

Sasa nije kwako. Jumapili iliyopita ulipopita kunisalimia baada ya ibada, ulinionyesha simu yako, lile kundi la wazazi wa darasa lako la kwanza hapa Mbinga mjini. Ulilalamika kwamba hawajibu, hawajali. Nilikuomba nisome, nikasoma kwa miwani yangu. Wazazi mnakumbushwa mchango wa chakula. Wazazi mnakumbushwa kikao. Mzazi wa fulani aje ofisini. Mwanangu, mimi mwenyewe ningekuwa mzazi kwenye kundi hilo ningeizima sauti. Ni ufagio na jembe vilevile, ila vimepanda kwenye simu.

Waambie watoto wao wanajifunza nini. Usingoje waulize, wengi hawajui waulize nini, na wengine wanakuogopa wewe na kalamu yako. Sema wiki hii tumejifunza kutenganisha na kuunganisha silabi, ukimkuta mtoto anapiga makofi akitamka jina la mbuzi, usimgombeze, hiyo ndiyo kazi ya shule. Habari njema itangulie mbele ya lawama, na iwe ndogo, ya kweli, ya mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba. Mzazi asiye na simu, mtoto ndiye simu yake, basi mpe mtoto cha kusema na umruhusu akiseme kwa Kimatengo, kwa Kingoni, kwa lugha yoyote inayopikiwa ugali nyumbani kwao. Na yule asiyeonekana kabisa, vaa viatu umfuate. Ukifika usianze na hotuba. Kaa, mwombe akueleze anachokiona yeye, hata kama ni weupe wa karatasi. Atakachokuambia kitakuuma kidogo, na utakuwa mwalimu bora kesho yake.

Uzuri ni kwamba hujachelewa. Watoto wako bado wako darasani wote.

Nenda basi, na Mungu aliyenihurumia mimi akutangulie. Akupe ulimi mwepesi na masikio mapana. Akujalie wazazi wasumbufu, mwanangu, wanaokusimamisha sokoni, kanisani na mlangoni kwa daktari kukuuliza mtoto amefika wapi, hata ufike kwako jua limezama na chakula kimepoa, na ukile hivyo hivyo ukiwa na furaha.