Shingo ya Bibi Harusi

Binti wa kaka yangu alikuwa amekwishawekwa ndani mkono wa somo, kungwi wake, uliposimama ghafla shingoni mwake. Kuwekwa ndani kwetu ni lile juma la mwisho kabla ya ndoa, ambapo bibi harusi haonekani barabarani, na kila alasiri husuguliwa singo, yaani unga wa liwa na manjano ulioloweshwa kwa maji ya mawaridi. Tulikuwa kwenye chumba cha uani, mtaa wa Isevya, Tabora, wanawake wanne: bibi harusi mwenyewe, mama yake, somo aliyekuwa akimsugua, na mimi shangazi, niliyeketi kwenye mkeka nikichambua karafuu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunacheka. Binti alikuwa amekonda, na kukonda kwake kulikuwa mzaha wa nyumba nzima tangu posa. Fundi alikuwa amelipunguza gauni, akalipunguza tena. "Anakula kama mfyatua matofali," mama yake alisema, "na bado anaisha tu." Somo akasema aachwe, hayo ni mapenzi, roho imeshatangulia Nzega kwa bwana na mwili unafuata polepole. Akaweka kiganja mgongoni mwake, akatikisa kichwa. Moyo wa mtoto huyu, alisema, unapiga kama ngoma ya jirani, hata ukifunga dirisha unausikia.

Nami nilicheka. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake. Hapati usingizi? Bibi harusi gani analala? Analia kwa jambo dogo? Anaiaga nyumba ya baba yake. Anatokwa jasho asubuhi ya Julai, wakati Tabora nzima imevaa sweta? Hofu ya harusi. Alikuwa akijipatia riziki kwa kuwachora wenzake hina na piko, na mwezi uliopita mteja mmoja alilalamika kwamba maua ya mkononi yamepinda. Hilo nalo tuliliweka kwenye kapu lile lile.

Ndipo somo akafika shingoni, mkono ukasimama. Alisugua tena mahali pale pale, polepole, kisha akaniita nishike. Chini ya kikoromeo, kulia na kushoto, palikuwa na ulaini uliojaa, kama donge la unga lililoanza kuumuka. Nikamwambia binti ameze mate. Ule uvimbe ukapanda pamoja na koo, ukashuka. Nilijua pale pale ni tezi gani, kwa sababu daktari aliwahi kuniambia mimi nimeze mate hivyo hivyo.

Niieleze tezi yenyewe, maana wengi tunaibeba maisha yote bila kujua kuwa ipo. Hospitali wanaiita thairoidi, vitabuni huandikwa tezi dundumio. Inakaa mbele ya shingo, mabawa mawili kama ya kipepeo, na kazi yake ni kutoa homoni inayoupangia mwili mwendo: moyo upige kasi gani, chakula kichomwe upesi au polepole, hedhi ije vipi, hata akili iwe na wepesi kiasi gani. Ikizembea, mwili wote unazembea. Ikipandwa na wazimu, mwili unakimbia bila breki.

Yangu ilizembea. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho nilikuwa nasikia baridi mchana wa Oktoba, nywele zinadondoka, uso umevimba, na usingizi ulinikamata hata nikiwa nimesimama jikoni. Wakwe zangu waliniita mvivu. Mpaka leo nameza kidonge kila alfajiri kabla ya chai, kwa maji matupu, na mwezi wa Ramadhani nimepangiwa saa yake na daktari. Kwa hiyo ugonjwa wa tezi nilioujua mimi ulikuwa wa kunenepa na kulala. Huu wa kukonda na kukesha ulikuwa umekaa mbele yangu miezi kadhaa nami nikauita mapenzi.

Wifi yangu, mama wa bibi harusi, alinivuta hadi ukumbini.

"Mtandio utafunika," alisema. "Aolewe kwanza. Atatibiwa huko huko kwa mumewe."

Nikamwambia kwamba bwana harusi ni mtoto wa kiume wa pekee, na mama yake siku ya posa aliulizia mjukuu kabla hata hajamaliza soda. Binti huyu atakuwa na mimba kabla ya mvua kwisha. Mimba juu ya tezi isiyotibiwa ni hatari kwa mama na kwa mtoto. Inaweza kutoka, inaweza kumpandisha presha, moyo unaweza kumshinda.

"Wewe unayo," alinijibu, na sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Mama yenu alikuwa nayo. Wakijua, watasema ukoo huu shingo zake zimeoza. Mwanangu hatarudishwa kama kitambaa kibovu."

Sikumkasirikia. Alichosema juu ya mama yetu kilikuwa kweli. Alizaliwa Kwihara, na nilipokuwa mdogo wanawake wengi wa kule walikuwa na rovu, uvimbe wa shingo ambao siku hizi watu huuita goita. Tuliuzoea kama tunavyozoea mvi. Ardhi ya bara ni maskini wa madini joto, yaani ayodini, na tezi isipoyapata hutanuka, inajaribu kufanya kazi kubwa kwa malighafi ndogo. Chumvi tuliyokula ilikuwa ya mawe, iliyochotwa na kukaushwa tu. Mama aliiosha kwanza kuondoa mchanga, kisha akaiweka wazi kando ya moto. Ndiyo sababu leo nawaambia vijana wanunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, waihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, na waitie kwenye chakula kinapokaribia kuiva. Mihogo iloweshwe na ikaushwe sawasawa kabla ya kusagwa, maana sumu yake nayo huidhuru tezi. Mambo madogo, lakini yamezipunguza sana shingo zile.

Shida ni kwamba wifi alilijua funzo hilo hilo moja tu. Asubuhi iliyofuata, kaka yangu alipokubali tumtoe binti ndani japokuwa mila hairuhusu, tulimvisha baibui na ushungi tukapanda bajaji mapema kwenda hospitali. Tuliporudi tulikuta wifi ametia chumvi kwenye uji, kwenye mboga, na jirani ameleta mfuko wa unga wa mwani kutoka Unguja, mtu anywe kijiko asubuhi na jioni. Niliuchukua ule mfuko nikauweka juu ya kabati. Nikakaa naye jikoni nikamweleza alichotueleza daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, tuliamkiana akaniambia shikamoo kama tuko nyumbani. Alimtaka mgonjwa anyooshe mikono, akaweka karatasi moja juu ya vidole vyake. Karatasi ikatetemeka kama iko kwenye upepo. Akamtazama macho, akampima mapigo, akamwuliza bila kuzunguka kama ana mimba. Hana. Kisha akasema kwamba rovu si lote la kukosa chumvi nzuri. Mara nyingine kinga ya mwili, askari wetu wenyewe, hukosea adui na kuishambulia tezi. Wengine huichosha mpaka ikazembea, wengine huichochea mpaka ikakimbia. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya kujifungua, na huwa linatembea katika ukoo. Kwa mtu wa namna hii, kumjaza madini joto kwa unga wa mwani au dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani ni kuongeza kuni kwenye moto.

"Kwa hiyo si mimi niliyempikia vibaya?" wifi aliuliza.

Nikamwambia hapana. Akaanza kuichota ile chumvi iliyozidi kwenye sahani ya mboga kwa ncha ya kijiko, kana kwamba inawezekana.

Damu aliyotolewa ilisafirishwa Mwanza kupimwa, na tukaambiwa tusubiri simu. Binti hakusubiri. Jioni ile ile aliomba simu yake, akampigia mchumba wake mbele yetu, akamwambia kila kitu: uvimbe, moyo, vidonge vya kuutuliza alivyoanza kupewa, na kwamba daktari amekataza mimba mpaka tezi itulie. Mama yake alikuwa amefunika uso kwa kanga. Upande wa pili tulisikia pikipiki zikipita, kisha kijana akasema atamwambia mama yake.

Majibu ya damu yalifika kabla mama wa kijana hajatufikia. Tezi ilikuwa inakimbia, na sababu ilikuwa ile ya askari wa mwili kukosea adui. Binti akaanza vidonge vya kuizuia, akionywa kwamba akipata homa au koo likimwuma arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ile kwa watu wachache hushusha kinga ya damu.

Mama wa bwana harusi alikuja kutoka Nzega na wifi yake mmoja. Binti alimwamkia, akaitikiwa marahaba kwa upole. Niseme haki: hakuja kwa shari. Alileta mchele, akaushika ule uvimbe kwa mkono wake mwenyewe, akasema pole mwanangu. Akauliza dawa itachukua muda gani. Nikamweleza kwamba daktari amesema yaweza kufika mwaka na nusu, pengine zaidi, na baadaye huenda ikahitajika njia nyingine. Lakini miezi michache ya mwanzo, tezi ikishatulia, ndiyo itakayoonyesha kama inafaa kuzungumza juu ya mimba, tena kwa dawa atakayoichagua daktari.

Kisha akasema neno ambalo naona alikuwa amelibeba njia nzima. Harusi iendelee, watu wameshaalikwa, ila hili la kuzuia mtoto liachwe kwa Mungu na kwa watu wawili walioolewa. Vidonge vinaweza kungoja.

Wifi yangu alinitazama. Nilijua anachokitaka: niseme ndiyo, harusi ipite. Mlango ulikuwa wazi, tungeweza kuingia wote. Nilifungua mdomo nimweleze tena mgeni habari za moyo na mimba, kwa kuwa kueleza ndiko ninakokuweza, lakini binti alinitangulia. Alikuwa amekaa chini, hina ya mazoezi bado haijafutika kiganjani.

"Mama," alimwambia mkwewe, "vidonge sitaviacha. Kama mtoto hawezi kusubiri, nioe nani hatajua? Nitajua mimi."

Sentensi yake haikukaa sawa, lakini sote tulimwelewa: hataolewa kwa sharti la kuviacha. Yule mama alijifunga mtandio wake vizuri, akasema basi na harusi isubiri. Hakusema imevunjika. Alikunywa chai yake yote, akaaga.

Kuahirisha harusi mjini kwetu si jambo dogo. Kaka yangu alizunguka mwenyewe nyumba hadi nyumba kuwaambia waalikwa, na kila mahali aliulizwa kwa huruma swali lile lile. Somo alirudisha vyombo vya singo bila kutaka chochote. Kwa muda wifi hakuzungumza nami ila salamu. Mimi ndiye niliyemwambia binti ameze mate.

Sasa ni miezi kadhaa. Binti amerudisha nyama mwilini, moyo umetulia, analala mpaka adhana. Uvimbe umepungua, haujaisha. Nywele zinaota, na hasira zake za ghafla zimepungua kiasi kwamba mdogo wake amerudi kulala chumba kimoja naye. Kliniki ya mwisho mchumba wake alikuja kutoka Nzega, akaingia naye kwa daktari. Aliuliza yeye mwenyewe, tena kwa kirefu, kama ugonjwa unaweza kurudi baada ya dawa kuachwa. Daktari hakumficha: unaweza. Aliuliza kama watoto watarithi. Daktari akasema wanaweza kurithi uwezekano wake, si lazima ugonjwa wenyewe. Kijana akashukuru, akatusindikiza mpaka kituo cha bajaji, akaondoka na basi la mchana. Tarehe ya harusi haikutajwa.

Jioni hiyo nilikuwa kwao Isevya, nikimsaidia wifi kupepeta mchele. Simu ya binti ikalia, akamwamkia mama wa mchumba wake, akatoka nayo uani. Tulimsikia kupitia dirishani. Alikuwa akianza mwanzo kabisa: kwamba kuna tezi shingoni, ina mabawa mawili, kazi yake ni kuupangia mwili mwendo. Akaeleza askari wanaokosea adui. Akaeleza kwa nini vidonge haviachwi siku mtu anapojisikia vizuri. Alikuwa akinyamaza kidogo, kisha anarudia jambo kwa maneno mepesi zaidi, bila haraka.

Wifi aliacha ungo magotini.

"Anaongea peke yake?" aliniuliza. "Mbona yule hajibu?"

Nikamwambia asikilize vizuri. Simu ilikuwa bado haijakatwa.