Nusu Yangu ya Udongo

Mtu niliyekaa naye menjo moja ndiye aliyenichomea udongo. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuzunguka. Menjo ni kile kibanda ambamo vijana wetu hutengwa wakitahiriwa, na humo tulifundishwa kwamba aibu ya mwenzako huitembezi sokoni. Mimi nilishika hayo mafundisho. Yeye, sijui alikuwa amelala.

Tulisoma jiolojia pamoja chuoni hapa Kabianga. Mwaka wa mwisho tukapewa udongo uliotolewa kwenye kisima kirefu kilichochimbwa bondeni, vifuko vimeandikwa kina, kutoka juu hadi chini kabisa. Kila kifuko tukakigawa nusu kwa nusu, yake na yangu. Ambaye kazi yake ingesimama vizuri angepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi ilikuwa moja, na niliitaka sana.

Kazi yenyewe hata mama yangu aliielewa. Matope yaliyo karibu na juu hunywa maji na kuvimba, kama ule udongo mweusi unaokwamisha magari. Yakizidi kufukiwa, kwa muda usiohesabika, joto la chini huyakamua maji, potasiamu huingia mahali maji yalipokuwa, na udongo hausikii tena habari ya kuvimba. Ukijua badiliko hilo linaanzia kina gani, unajua bonde lilipata joto kiasi gani. Sharti ni kuukausha polepole, kwa hewa tu. Ukiutia kwenye tanuri kali, hata udongo wa juu utasomeka kwenye mashine kama umetoka chini kabisa, na kazi yako imekwisha.

Mama akalazwa hospitali ya Kaplong. Nikamwachia mwenzangu nusu zangu zikiwa mbichi, nikaenda kumuuguza. Niliporudi nilikuta vipande vyekundu kama tofali. Nikatia kimoja kwenye maji. Kikakaa tu, hakikulainika.

Mwenzangu alishika kichwa, karibu alie. Akaeleza kwamba mvua haikukatika, udongo ulianza kuota ukungu, naye akafanya kama sisi watu wa chai tunavyojua: jani lisipoona moto mapema limeharibika. Baba yake ameshughulikia moto wa kiwanda cha chai maisha yake yote, kwa hiyo nikaamini. Akasema nusu zote zimeungua, zake na zangu. Akaniomba nisimtaje kwa mwalimu wetu, maana alikuwa ameshaonywa mara moja kwa uzembe na angefukuzwa. Basi mimi, mjinga wa menjo, nikaenda ofisini nikasema nusu zangu nilizitia kwenye tanuri mwenyewe kabla ya kwenda Kaplong.

Siku ya kuwasilisha kazi nilikaa nyuma nikingoja mwenzangu aseme hana kitu, kama mimi. Akasimama na mchoro: udongo unaovimba uko juu, unapungua taratibu kadiri joto linavyopanda, chini umeisha. Ulikuwa mchoro mzuri, haki ya Mungu. Nusu zake hazikuwa zimeona moto hata kidogo. Mtahini mmoja kutoka nje akauliza kama na nusu yangu ilionyesha hivyo.

“Yake aliitia kwenye tanuri,” akajibu, bila kunitazama. “Na nilimwonya.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya methali hiyo shuleni bila kuielewa. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umeshakiri. Nilitaka kumrukia pale pale. Nilibaki nimekaa, nimeshika kiti, mpaka watu wakatoka.

Nafasi akaipata yeye, na sherehe ya kumuaga ilikuwa kwao, karibu na Kiptere. Nilienda kwa sababu nisipoenda wazee wangeuliza. Mama yake, ambaye hajui lolote, akanikabidhi kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nimnyweshe mwanawe kama baraka ya safari, akisema hakuna aliye karibu naye kuliko mimi. Nikamnywesha, watu wakapiga makofi. Akaniinamia sikioni.

“Ndugu yangu, tusahau.”

Nilikuwa nimebeba kipande kimoja cha nusu yangu mfukoni. Nikakiweka kwenye kiganja chake, nikamfumba vidole.

“Ukifika huko, kitie kwenye maji,” nikamwambia. “Kikilainika, nipigie simu.”