Mguu Ulionikaza Juu ya Mnazi

Nimekwea minazi tangu sijaota ndevu, na shamba hili la hapa Munje nimelipata kwa miguu hii hii. Shule niliiacha darasa la tatu. Kwa hivyo sipendi kufundishwa kazi yangu.

Siku zote nilikwea tumbo kavu. Maji yanamlemea mkwezi. Alfajiri kikombe cha kahawa chungu, basi, mpaka adhuhuri. Madafu ni ya wateja wa Diani, siyagusi.

Siku moja ya jua kali, mguu ukiwa kwenye kidato kilichochongwa mnazini, karibu na makuti, shavu la mguu likakaza likawa jiwe. Nikaukumbatia mnazi. Mke wangu, aliyekuwa chini akikusanya madafu, akauliza mbona siangushi tena. Nilishuka kwa mikono na mguu mmoja, ngozi ya kifua nikaiacha mnazini.

Ndipo kila mtu akawa tabibu. Jirani akasema nimerogwa. Shemeji akaleta mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, nikanuka kama mchuzi. Mkwe wangu wa Ukunda, ambaye hata kiti akipanda anatetemeka, akasema nitafute kijana wa kunikwelea. Mke wangu hakushauri kitu. Alilificha panga langu, akaniambia ukwezi umekwisha.

Kwa ajili ya panga hilo nilikwenda zahanati. Muuguzi, msichana wa rika la wajukuu zangu, aliniamkia shikamoo vizuri, akauliza nakunywa maji kiasi gani. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini.

"Babu, unamwaga jasho tangu asubuhi na hurudishi kitu. Unashinda juu ya madafu na kiu yako?"

Iliniudhi, maana alisema kweli. Akanionyesha: mguu ukikaza, nyoosha goti, vuta vidole vije kwako, sugua polepole. Mkazo ukizidi kurudi hata nikinywa maji ya kutosha, niende nikapimwe.

Mke wangu alilitoa panga kwa sharti: ninywe mbele yake kabla ya kukwea, na nipumzike kila baada ya minazi mitatu. Kama mtoto. Nikanywa dafu zima. Nusu ya mnazi wa pili, mkojo ukanibana, ikabidi nishuke.

"Umeona sasa?" nikamwambia. "Haya ndiyo maji yenu."

"Umeshuka kwa miguu miwili," akasema.

Nikaenda zangu nyuma ya banda.