Mpira Mmoja, Bustani Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Jumamosi la mji wa Parvomay linanukia kahawa na mikate ya jibini, na Nevena Gerdjikova, muuza mipira ya kumwagilia maji, ameshaanza kugombana na wateja.

"Kutoka bombani hadi tuta la mwisho, hatua ngapi?" anamuuliza mzee aliyevaa kofia ya ukindu.

"Wewe nikatie tu mita ishirini, mama."

"Umepima?"

"Nimekisia."

"Mpigie mkeo akapime. Na azunguke banda la kuku, maana mpira haupiti juu ya kuku."

Mzee anapiga simu. Sauti ya mkewe akihesabu hatua inasikika hadi kwa wauza pilipili, na kibanda kizima kinaangua kicheko. Mzee anaondoka na mita thelathini na mbili.

Nevena, mwenye miaka hamsini na saba, aliingia katika biashara hii baada ya kiwanda cha kusindika mboga alikofanya kazi kufungwa. Kiangazi kizuri humnunulia kuni za majira yote ya baridi. Kipimo chake ni kidole gumba: anaukunja mpira, anaubana, anauachia. Ukirudi katika umbo lake, unafaa. Ukibaki na kovu, "huo mfungie mbuzi."

Kwa maua ya barazani anatoa mwembamba na mwepesi. Kwa bustani yenye pampu anatoa mnene, wenye nyuzi zilizosukwa ndani, kwa kuwa pampu haina huruma. Mpira wa kuhamishia divai ameutundika mbali kabisa.

"Kila vuli lazima atokee mtu wa kuhamisha divai kwa mpira wa bustani," ananiambia. "Halafu Krismasi wageni wake wanakunywa tairi."

Lakini mganga hajigangi. Kwa miaka mingi Nevena alimwagilia bustani yake kwa vipande vya mabaki alivyoviunga kwa vibanio. Kila kiungo kilivuja, na njia ikanywa maji kuliko nyanya.

Kijijini kwao, Gorno Lozevo, kila Agosti hushindanishwa nyanya nzito kuliko zote. Jirani yake, Metodi Balkanski, dereva mstaafu wa treni, alikuwa ameshinda mara sita mfululizo.

"Na kwa mpira niliouchukua kwako, jirani!" alikuwa akimtania juu ya ua.

Mwaka huu Nevena aliapa. Kabla ya kumuuzia mtu mwingine, alijikatia mita arobaini za mpira ulio bora. Nyanya zikaitika, zikanenepa, naye akaanza kuota ushindi.

Ndipo Julai mabomba ya kijiji yakakauka. Maji yakawa yanatoka kidogo asubuhi, ya kupikia tu. Majani ya nyanya zake yakajikunja. Metodi alikuwa na kisima na pampu, lakini Nevena hakuweza kumwendea.

"Heri ningetafuna huo mpira kuliko kumwomba," anasema.

Wiki hiyohiyo Metodi akafunga mdomo wa mpira wake, akasahau kuzima pampu, akaenda kula. Mpira ukapasuka toka huku hadi huku. Kibandani mipira minene ilikuwa imekwisha. Uliobaki kijijini ulikuwa umelala uani kwa Nevena. Metodi akaja uani, kofia mkononi.

"Jirani, niuzie huo wako."

"Siuzi."

"Basi niazime."

"Na mimi nimwagilie kwa nini, machozi?"

Metodi akazitazama zile nyanya zilizonyong'onyea, akaona haya.

"Upitishe huku kwangu, tuufunge kwenye pampu," akasema. "Zako zinywe kwanza. Lakini siku ya mizani usitafute huruma kwangu."

Tangu hapo, kila jioni mpira ule ulipita kwenye tundu la ua. Wenyewe waliketi juu ya ndoo na rakia yao, pombe kali ya matunda, wakibishana nyanya ya nani imekunywa kupita zamu yake.

Jumapili iliyopita, katika uwanja wa shule, nyanya ya Metodi ilifika kilo moja na gramu mia mbili. Ikawekwa ya Nevena. Mshale wa mizani ukaipita alama ya Metodi, ukaendelea kidogo, ukasimama. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Metodi mwenyewe.

"Maji ni yangu!"

"Mpira ni wangu!" Nevena akajibu, huku akilia waziwazi kwa furaha.

Kama ilivyo desturi, nyanya ilikatwa palepale, ikanyunyiziwa jibini nyeupe, kila mtu akapata kipande. Mbegu hubaki kwa mshindi. Nevena alizipangusa juu ya karatasi, akaichana katikati, akampa Metodi nusu.

Nikamuuliza kwa nini anampa silaha mtu anayeshindana naye.

"Mwakani namtaka na mbegu hizihizi, na maji yake, na mpira mpya," akasema, akicheka. "Nimshinde hivyo, tuone atasema nini."