Turubai Nililowapa

Niseme wazi kwanza: ile ndege sijui ilikuwa ya nani. Na mimi shule niliishia darasa la tano, huenda mengine niliyaelewa vibaya.

Kwenye ghala ninalofanyia kazi huku Marekani, mtaa wa Okolona, kulikuwa na Mmarekani mmoja, mwanajeshi wa zamani. Mwaka 2015, tukiwa mapumzikoni, alinieleza kazi aliyokuwa akifanya jeshini: kulinganisha picha za satelaiti, ya jana na ya leo, mahali pale pale. "Nyumba hatukuzijali," alisema. "Tulitafuta kitu ambacho jana hakikuwepo." Kikishaonekana, ndege inaachia kombora kutoka mbali, na watu wa chini hata mlio wa ndege hawausikii.

Nilikimbilia chooni nikatapika.

Kwa sababu nyumbani Kongo, kabla hatujakimbia, wapiganaji watatu walikuja na sanduku refu, wakaniomba turubai. Nikawapa letu la bluu, wakafunika sanduku kando ya jiko. Bunduki walikuwa nazo, lakini hawakunitisha. Waliomba kwa heshima. Kesho yake wao hawapo, sanduku lipo. Kaka yangu akaenda kulivuta turubai aanikie mihogo. Sikusikia chochote kikija. Ardhi ilinipiga usoni. Nilipoinuka, jiko halikuwepo, mbuzi alikuwa anakimbia huku anawaka, na kaka alikuwa amebaki kuanzia kifuani kwenda juu, midomo inachezacheza. Nikamvuta mkono. Ukaja peke yake.

Mjane wake, shemeji yangu, naye alikuwa amefika Marekani, akapata nyumba mji wa Buffalo, mtaa wa Black Rock. Mwaka 2016 alituita kuondoa kilio. Kwetu siku hiyo ndugu wanaulizwa: mwenye kujua neno juu ya kifo hiki aseme, halafu mjane anavua nguo nyeusi, yuko huru kuolewa. Njiani nikapitia mji wa Columbus kumchukua binamu yangu. Garini nikamwambia nitasema habari ya turubai.

"Weye muzima kweli? Satelaiti gani ije kuangalia mihogo yetu? Ule muzee alikudanganya."

"Pengine."

"Bon, basi nyamaza! Mwanamke anataka kuolewa, weye unamuletea bomu ndani ya nyumba!"

Pengine alisema kweli. Hata leo sijui kama kuna satelaiti iliyotuangalia.

Mchungaji aliyeongoza kilio alipouliza swali hilo, nilisimama nikasema yote, na hilo la kutokujua pia. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa bugali, akanipiga nao mdomoni. Jino likaanguka kwenye kapeti. Akapiga sikio, akapiga kichwa, mwiko ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki, kikanichana shavu. Sikujikinga. Binamu akamkamata mikono kwa nyuma.

"Shemeji, muache! Yeye mwenyewe hana uhakika!"

"Sijaongea na weye!" Akanigeukia, anahema. "Ulipobapatia ile turubai, bwana yangu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

Binamu, nyuma yake, alinitikisia kichwa. Ningeweza kujibu kwamba hakusema kitu; wafu hawabishi. Nilimeza damu kwanza.

"Alisema nisiwape."

Binamu akamwachilia mikono.